Nani Atamkaba Nani? Kuuelewa Ubishi wa Ohio State na Michigan

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024, watu zaidi ya laki moja walijaa Ohio Stadium mjini Columbus wakiwa na uhakika kwamba wanakuja kumzika mtani. Ohio State na Michigan ni vyuo vikuu vyenye utani wa jadi katika futiboli ya Kimarekani. Ohio State ilikuwa imefungwa mechi moja tu msimu mzima, tena kwa pointi moja, na ilishika nafasi ya pili katika orodha ya ubora nchini Marekani. Michigan ilikuwa imeshinda sita na kufungwa tano. Kampuni za kamari ziliiweka Ohio State mbele kwa karibu pointi 20. Mechi ikaisha Michigan 13, Ohio State 10.

Wiki nzima kabla ya hapo mashabiki wa vyuo hivi viwili walikuwa wamebishana usiku na mchana, na walichokuwa wakikisema hakikuwa porojo. Ukiyarudia maneno yao leo utaona karibu kila hoja ilikuwa ya kweli. Wapokeaji pasi wa Ohio State walikuwa hatari kweli. Kwotabeki wa Michigan, yaani mrusha pasi na mwongoza mashambulizi wao, alikuwa wa kubabaisha kweli. Wachezaji wawili bora wa Michigan hawakushuka uwanjani kabisa. Sasa hoja za kweli zilizaaje utabiri wa uongo? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii, maana ukilijibu umeuelewa mchezo wenyewe.

Tuanze na mchezo, kwa ajili ya msomaji aliyelelewa na soka. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ambazo ni mita tisa na ushei. Ikizifikisha, inapewa manne mengine, na hivyo hivyo hadi ivuke mstari wa mwisho na kupata tachidauni, yenye pointi sita na nyongeza ya moja kwa teke. Ikikwama karibu na lango inaweza kupiga mpira kati ya milingoti kwa pointi tatu. Ikikwama mbali, huupiga mpira mbali kadiri iwezavyo na kumwachia mpinzani.

Jambo la kushika hapo ni kwamba kila jaribio huanza watu wakiwa wamesimama na kupangana, uso kwa uso. Katika soka unaweza kusema beki fulani atamkaba winga fulani, lakini baada ya dakika kumi winga amehamia upande wa pili na beki kapanda kushambulia, na hoja yako imeyeyuka. Huku mchezo hukatika kila baada ya sekunde chache, makocha wanatuma maelekezo mapya, watu wanapangana upya. Hutokea hivyo zaidi ya mara 100 katika mechi moja. Kwa hiyo shabiki akisema "wa kwenu huyu atakutana na wetu yule," anazungumzia kitu kitakachotokea kweli, tena mara nyingi, na kila mtu atakiona kwa macho.

Vyuo vyenyewe viko jirani. Michigan iko Ann Arbor, Ohio State iko Columbus, mwendo wa kilomita 300 hivi kwa barabara. Majimbo yao yaligombana kabla mpira haujavumbuliwa: mwaka 1835 na 1836 yalizozania ukanda wa Toledo, kila upande ukaita wanamgambo wake, hadi Bunge la nchi likaipa Ohio ukanda huo na kuifidia Michigan kwa rasi kubwa ya kaskazini. Mpira ukaja baadaye. Mechi ya kwanza ilichezwa mwaka 1897, Michigan ikashinda 34–0, na tangu 1918 wamekutana kila mwaka isipokuwa 2020, mwaka wa korona. Kwa miaka mingi sasa ni Jumamosi ya mwisho wa Novemba. Wiki hiyo pale Columbus herufi M kwenye vibao vya chuo hukatwa kwa alama ya X ya utepe mwekundu, na mtu wa Ohio State halitaji jina la mpinzani, husema "ile timu ya kaskazini." Wachezaji wake wakishinda, kila mmoja hupewa kidani kidogo chenye umbo la suruali ya dhahabu. Desturi hiyo ilianza mwaka 1934, baada ya kocha Francis Schmidt kuwaambia watu kwamba wale wa Michigan nao huvaa suruali mguu mmoja baada ya mwingine kama watu wengine.

Mtanzania hahitaji kufafanuliwa sana utani wa jadi. Simba na Yanga zimemfundisha. Lakini ipo tofauti inayobadilisha ladha ya ubishi. Simba na Yanga hukutana mara mbili kwa msimu katika ligi pekee, na anayefungwa leo ana siku ya kulipiza. Ohio State na Michigan kwa kawaida hukutana mara moja tu. Tena wachezaji ni wanafunzi; hawa hukaa miaka mitatu, minne au mitano wakaondoka. Shabiki hawezi kutegemea kwamba kikosi cha mwaka jana ndicho cha mwaka huu. Inambidi kila Novemba ajifunze majina mapya na aanze hesabu upya, na hapo ndipo kulinganisha nafasi kwa nafasi kunakuwa lugha ya lazima.

Hesabu ya mtu wa ziada

Ubishi wa shabiki mzoefu hauanzi kwa kwotabeki, ingawa jina lake ndilo linaloonekana magazetini. Unaanzia kwa mapande ya watu yaliyoinama mbele, watano wa upande wenye mpira na watatu au wanne wa upande wa ulinzi, wengi wao wakiwa na kilo 130 na zaidi. Hao wasiposukumana vizuri hakuna pasi wala mbio.

Timu yenye mpira ina watu 11. Watano wa mbele kazi yao ni kuzuia tu. Kwa kawaida hawaruhusiwi hata kupokea pasi. Nyuma ya yule wa katikati, senta, yuko kwotabeki. Wanabaki watano ambao kocha huwagawa apendavyo: wapokeaji watatu wa pembeni, mkimbiaji mmoja, na mmoja mwenye mwili anayeweza kuzuia au kupokea. Huo ndio mpangilio wa kawaida, na kila kocha ana vionjo vyake.

Sasa timu ikiamua kukimbia na mpira, kwotabeki akishaukabidhi hana kazi tena, na mkimbiaji hawezi kujizuilia watu mwenyewe. Watu tisa wanabaki kuwazuia 11. Ulinzi una wawili wa ziada. Mmoja wao kwa kawaida huachwa nyuma kabisa, kama beki wa mwisho, kulinda pasi ndefu. Yule wa pili ndiye chanzo cha ubishi wote. Atakaa wapi? Akisogea mbele, njia ya kukimbia inazibwa. Akibaki nyuma kumsaidia mwenzake, kukimbia kunakuwa rahisi. Na kocha jasiri, au aliyekata tamaa, anaweza kuwasogeza wote wawili; hapo mbele kunajaa, lakini mabeki wa pembeni wanabaki ana kwa ana na wapokeaji wenye mbio, bila mtu mgongoni. Ni kama bao. Kete ulizozirundika katika shimo moja umezitoa katika mashimo mengine, na mpinzani anahesabu.

Ndiyo maana shabiki wa Michigan akisema "watano wetu wa mbele ni bora kuliko wanne wenu," hasemi tu kwamba timu yake ina nguvu. Anasema: mtalazimika kumwita yule mtu wa ziada mbele, na mkimwita, tutajua pa kuwachoma. Shabiki wa Ohio State naye akijibu kwamba wapokeaji wake hawakabiki, anasema: mtalazimika kumwacha nyuma. Kila mmoja anajaribu kumvuta yule mtu mmoja upande wake. Ukishaliona hili, kelele inakuwa mazungumzo.

Miaka minne iliyofuatana

Chukua mwaka 2021. Ohio State ilikuja Ann Arbor ikiwa na safu ya wapokeaji ambayo nchi nzima iliihusudu, na kwotabeki C.J. Stroud. Mashabiki wake walikuwa na hoja nzuri: nani wa kuwakaba hawa? Wa Michigan hawakulijibu swali hilo moja kwa moja. Walijibu kwa jina la Aidan Hutchinson, mlinzi wa pembeni katika safu ya mbele, ambaye kazi yake ni kumfikia kwotabeki kabla hajarusha. Mantiki yao ilikuwa kwamba mpokeaji anahitaji muda wa kufika anakokwenda, na sisi hatutawapa muda huo. Wakaongeza jambo la pili lililokuwa wazi tangu Septemba, Oregon ilipokwenda Columbus ikashinda 35–28 kwa kuikimbilia Ohio State mpira katikati na pembeni bila kusumbuliwa sana. Theluji ikaanguka siku ya mechi. Hutchinson alimwangusha Stroud mara tatu. Michigan ilikimbia yadi 297, mkimbiaji Hassan Haskins akafunga tachidauni tano, matokeo 42–27. Stroud alirusha pasi za karibu yadi 400. Hoja ya wapokeaji ilikuwa ya kweli, ila mechi ilichezwa mahali pengine.

Mwaka uliofuata ndio ninaoupenda kuutumia ninapomwelezea mtu, kwa sababu ulipindua mambo. Ohio State iliajiri kocha mpya wa ulinzi, Jim Knowles, na mwaka mzima Columbus iliimba wimbo mmoja: safari hii hawatatukimbilia. Mkimbiaji mkuu wa Michigan, Blake Corum, alikuwa ameumia goti wiki iliyotangulia na hakuweza kucheza kwa maana halisi. Mashabiki wa Ohio State wakaona mambo yamejipa: wanaotegemea mbio wamempoteza mkimbiaji wao, na sisi tumejiandaa kuziba mbio. Ulinzi wao ukarundikana mbele kama ilivyopangwa.

Mapumziko yalifika Ohio State ikiongoza 20–17. Kipindi cha pili Michigan ilipata pointi 28, Ohio State tatu. Tachidauni tano kati ya sita za Michigan siku hiyo zilitoka umbali wa yadi 69, 75, 45, 75 na 85. Tatu za kwanza kati ya hizo tano zilikuwa pasi za kwotabeki J.J. McCarthy, kijana ambaye watu wa Columbus walisema wazi kuwa wangefurahi akilazimika kurusha. Mbili za mwisho zilikuwa mbio za Donovan Edwards, mkimbiaji wa akiba. Na hizo mbio ndizo zinazofundisha zaidi: safu ya mbele ilijaa watu, lakini aliyeipenya hakukuta mtu wa pili nyuma yake. Waliziba mbio za yadi nne nne na kufungua mlango wa mbio za yadi 80. Matokeo 45–23, nyumbani kwa Ohio State.

Kuna mashabiki hadi leo wanaosema ulinzi wa Ohio State "ulizembea." Sikubaliani nao. Ulinzi ulifanya ulichoamua kufanya. Kosa lilikuwa kwenye kuamua, na uamuzi huo ulizaliwa na hofu ya mwaka uliopita. Walijiandaa kucheza mechi ya 2021 mwezi Novemba 2022.

Mwaka 2023 nitaupita haraka. Michigan ilishinda 30–24 Ann Arbor, kocha wake Jim Harbaugh akiwa amesimamishwa na msaidizi wake Sherrone Moore akiongoza, na mpira ukaisha kwa Rod Moore kunasa pasi ya Kyle McCord wakati Ohio State ikisaka ushindi. Ilikuwa mechi ya timu mbili zilizolingana, na katika mechi za namna hiyo ulinganishaji wa nafasi hauwezi kukupa jibu. Unakuonyesha tu mahali pa kutazama.

Turudi sasa 2024, mahali tulipoanzia.

Ohio State ya mwaka huo ilikuwa imekusanywa kwa makusudi na kwa fedha. Tangu 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na wanaweza kuhama chuo bila adhabu ya kukaa nje msimu mzima. Mkurugenzi wa michezo wa Ohio State alisema hadharani kwamba kikosi hicho kiligharimu takriban dola milioni 20. Kwotabeki Will Howard alitoka Kansas State, mkimbiaji Quinshon Judkins alitoka Mississippi, beki Caleb Downs na senta Seth McLaughlin walitoka Alabama. Kwa wapokeaji walikuwa na Emeka Egbuka na kijana wa mwaka wa kwanza, Jeremiah Smith, ambaye ni nadra kumwona wa umri wake mwenye kipaji kama kile. Upande wa Michigan, beki bora wa pembeni Will Johnson alikuwa majeruhi. Nani angemkaba Smith? Shabiki mkweli wa Michigan hakuwa na jibu.

Lakini alikuwa na swali lake. Ohio State ilikuwa imempoteza Josh Simmons, mzuiaji wa pembeni kushoto, tangu mechi ya Oregon mwezi Oktoba. Kisha mwezi Novemba McLaughlin akakatika kano la kisigino mazoezini. Safu ya mbele ikapangwa upya, huyu kahamishwa pembeni, yule kaingizwa katikati. Na pale katikati, ana kwa ana na hao waliounganishwa juzi, wangesimama Mason Graham na Kenneth Grant, walinzi wawili wazito wa Michigan. Miezi mitano baadaye wote wawili walichaguliwa katika raundi ya kwanza kuingia ligi ya kulipwa, Graham akiwa wa tano na Grant wa 13. Katika uwanja mzima, hapo ndipo mahali pekee ambapo Michigan ilikuwa bora bila ubishi.

Ungekuwa kocha wa Ohio State ungefanyaje? Jibu la shabiki yeyote mwenye akili timamu ni kwamba usiende hapo. Rusha pembeni, kwa Smith, kwa Egbuka, tena na tena, mpaka wakuombe radhi. Ohio State ilikwenda hapo hapo. Ilikimbia mara 26 ikapata yadi 77, nyingi ya mbio hizo zikiingia katikati, ndani ya mikono ya Graham na Grant. Kipindi cha pili haikupata hata pointi moja. Howard alinaswa pasi mbili, mojawapo karibu kabisa na lango lake mwenyewe, ikazaa tachidauni pekee ya Michigan.

Kwa nini walishupalia pale? Maoni yangu ni kwamba walikuwa wameitwa laini kwa miaka mitatu, na walitaka kulifuta neno hilo kwa njia ile ile waliyotukanwa kwayo. Ni jambo la kibinadamu sana. Kocha Ryan Day alikuwa na bunduki mkononi akachagua kupigana mieleka, kwa sababu mieleka ndiyo aliyokuwa ameshindwa.

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Mashabiki huzungumzia ulinganishaji kana kwamba ubora utafanya kazi wenyewe: wa kwetu bora, wa kwenu dhaifu, basi pointi zitakuja. Lakini ubora wa mpokeaji hauingii uwanjani mpaka mtu aamue kumrushia mpira. Kila hoja ya "nani atamkaba nani" ina nusu ya pili ambayo husahaulika: nani atachagua mahali pa kupigania? Mwaka 2021 Michigan ilichagua. Mwaka 2022 Ohio State ilichagua vibaya kwa upande wa ulinzi. Mwaka 2024 ikachagua vibaya kwa upande wa mashambulizi.

Ushahidi ulikuja mapema mno kwa watu wa Columbus, ukawa dawa na kidonda kwa wakati mmoja. Ohio State ile ile, na safu ile ile ya mbele iliyoungwaungwa, iliingia katika mtoano wa timu 12 mwezi Desemba. Iliitandika Tennessee 42–17. Siku ya mwaka mpya iliongoza 34–0 dhidi ya Oregon, timu iliyowafunga Oktoba, ikashinda 41–21. Smith peke yake alipokea yadi 187. Ikaitoa Texas 28–14, na tarehe 20 Januari 2025 ikatwaa ubingwa wa nchi kwa kuifunga Notre Dame 34–23, mechi ikifungwa kwa pasi ya yadi 56 kutoka kwa Howard kwenda, naam, kwa Smith. Mashabiki waliosema Smith hakabiki walikuwa sahihi tangu mwanzo. Walikosea siku moja tu, na siku hiyo ndiyo waliyoitaka kuliko zote.

Hoja zinazovuja na hoja zinazosahauliwa

Kuna hoja moja inayorudi kila mwaka na inayopaswa kuangaliwa kwa makini. Ni ya mnyororo: A kamfunga B, B kamfunga C, basi A atamfunga C kwa mabao mengi zaidi. Mwaka 2024 mnyororo ulikuwa mtamu kwelikweli. Indiana iliifunga Michigan 20–15. Wiki mbili baadaye Ohio State ikaibomoa Indiana 38–15. Jumlisha mwenyewe. Tatizo ni kwamba Indiana haikuwa na Graham na Grant. Ohio State iliishinda Indiana kwa nguvu zilizoikuta Indiana dhaifu, na Michigan ilikuwa dhaifu mahali pengine. Mnyororo huchukulia kwamba ubora ni kipimo kimoja, kama urefu wa mtu, ilhali ubora wa timu unafanana zaidi na funguo: unafungua kitasa hiki, unakwama katika kile.

Hoja ya pointi 20 za kamari nayo huchukuliwa kama unabii. Ni bei ya soko. Inajumlisha yote yanayojulikana kwa wastani, na wastani hauna habari ya kocha atakayeamua kukaidi.

Kwa upande mwingine, kuna nafasi ambayo karibu hakuna shabiki anayeipa sentensi mbili: wapiga mateke. Mwaka 2024, huku watu wakichambua wapokeaji hadi kucha za vidole, mpigaji wa Michigan Dominic Zvada alifunga kutoka yadi 54, kisha kutoka yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45, na hilo ndilo lililokuwa goli la ushindi. Mpigaji wa Ohio State alikosa mara mbili, kutoka yadi 38 na 34. Tofauti ya mechi ilikuwa pointi tatu. Siwalaumu mashabiki, teke halina ubishi wa kuvutia. Lakini mtu anayetaka kutabiri mechi ya Novemba katika majimbo ya baridi, na asiseme neno juu ya mateke, ameacha mlango wazi.

Wazee wa pande zote mbili wangemkumbusha mwaka 1950. Tarehe 25 Novemba mwaka huo tufani ya theluji iliifunika Columbus hata mistari ya uwanja haikuonekana. Michigan haikukamilisha pasi hata moja. Haikufanikiwa hata mara moja kupata majaribio manne mapya kwa kusogea yadi 10. Iliupiga mpira kuusalimisha mara 24. Na ilishinda, 9–3, kwa sababu ilizuia mateke mawili ya Ohio State. Moja likazaa pointi mbili, jingine tachidauni muda mfupi kabla ya mapumziko. Linganisha wapokeaji na mabeki siku kama hiyo uone utafika wapi.

Majeruhi ndio habari inayotafutwa kuliko zote, na ndiyo inayofichwa kuliko zote. Tangu 2023 ligi ya Big Ten, ambamo vyuo hivi viwili vimo, inazitaka timu zitangaze orodha ya watakaokosa mechi saa mbili kabla ya mchezo kuanza. Kabla ya hapo ni uvumi: nani kaonekana na magongo, nani hakupasha misuli. Ndiyo sababu ubishi wa Jumatatu na ubishi wa Jumamosi asubuhi ni vitu viwili tofauti, na anayeshikilia alichosema Jumatatu huadhirika.

Lipo jambo moja zaidi ambalo nimelithamini kadiri nilivyofuatilia mabishano haya. Shabiki huijua timu yake kwa undani kuliko mchambuzi yeyote wa televisheni, lakini anaijua ya mtani kwa matokeo tu. Kwa hiyo maneno yake yenye thamani ni yale anayolalamikia kwake mwenyewe, si majigambo. Shabiki wa Michigan wa 2024 alipokiri kwamba kwotabeki wao Davis Warren hana pasi ndefu, alikuwa anasema kweli tupu: Warren alimaliza siku ile na yadi 62 tu za pasi. Shabiki wa Ohio State alipolalamika kimoyomoyo kwamba "katikati petu pameoza tangu senta aumie," hiyo ndiyo iliyokuwa habari kubwa ya wiki nzima, na wenzake walimnyamazisha kwa kumwita mwoga. Pande mbili zinapokutana kwa heshima, zikabadilishana manung'uniko badala ya matusi, mtu wa katikati anayesikiliza hupata picha iliyo kamili kuliko yoyote. Utani mzuri hufanya kazi hiyo. Mbaya huishia kama ulivyoishia uwanjani siku ile ya 2024: wachezaji wa Michigan walikwenda kusimika bendera yao katikati ya uwanja wa mwenyeji, ngumi zikarushwa, polisi wakapulizia watu dawa ya pilipili, na kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000.

Novemba 2025 zamu ilikuwa ya Ann Arbor. Hoja zilikuwa zile zile kwa majina mapya: Ohio State na kwotabeki Julian Sayin, Michigan na kijana wa mwaka wa kwanza Bryce Underwood, Smith bado yupo, na swali la Columbus safari hii likiwa limebadilika sauti. Hawakuuliza tena kama wao ni bora. Waliuliza kama kocha wao atautumia ubora huo. Sayin alirusha pasi tatu za tachidauni, mojawapo kwa Smith. Walikimbia pia, chipukizi Bo Jackson akivuka yadi 100, lakini walikimbia pale ambapo Michigan ililazimika kurudisha watu nyuma kulinda pasi. Yule mtu wa ziada alikuwa amevutwa upande wao. Michigan haikupata tachidauni hata moja, na ubao ukasomeka 27–9.